Mwanamke wa Kwenye Treni

"Demetria! Wee Demetria, unakwenda wapi? Picha haijaisha!"

Bi Khairiya alimshika pindo la kanga, lakini Demetria alikwisha simama. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele.

"Kaa chini, mama! Unatuziba!"

"Keti bwana, na sie tuone!"

Hakukaa. Alibaki amesimama katikati ya kina mama waliojaa kwenye mikeka, macho kayakaza kwenye shuka jeupe lililotandazwa ubavuni mwa gari la sinema. Pale kwenye shuka, mwanamke aliyevaa busuti, gauni refu la kina mama wa Bukoba, alikuwa ameketi ndani ya behewa la treni, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amekufa. Uwanja mzima wa Temeke ulijua kwamba amekufa. Abiria wenzake ndio waliokuwa hawajui. Kila aliyemwuliza, yule mwanamke alimjibu maneno yale yale:

"Amelala. Msimwamshe."

Kisha ikaja sauti nene ya mwanamume, sauti isiyo na mtu:

"Mtazameni mama huyu mjinga. Angempeleka mtoto wake hospitali, mtoto angepona. Ujinga wake ndio uliomuua."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Mwingine akadakia, "Mjinga kweli!" Demetria akaruka miguu ya watu, akatoka uwanjani karibu anakimbia. Bi Khairiya alimkuta kwenye kona ya duka lake, ameegemea ukuta.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi."

"Sasa ni nini? Picha ya mchumba wako mwenyewe! Watu wote hawa wamekuja kutazama kazi ya mikono yake, wewe unaondoka?"

"Bi Khairiya, lile busuti nimelishona mie."

"Si nilikuona? Umelishonea hapa hapa barazani kwangu."

"Alinipa vipimo, akaniambia ni nguo ya kuchezea picha. Hakuniambia kwamba atakayeivaa ni mimi."

Bi Khairiya hakuelewa. Alifungua mlango wa uani, akamwingiza ndani, akamtandikia, akakaa naye.

Ilikuwa mwaka 1953. Revelian, mchumba wa Demetria, alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alizaliwa upande wa Bukoba, akasomeshwa na mapadri, akawa mwalimu. Picha ya kwanza kuiona maishani iliangazwa kwenye ukuta wa misheni alipokuwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo, walivyosema wenzake, hakuwa mzima tena. Wenzake walicheza mpira, yeye alikuwa akiwapanga watu kwenye mstari na kuwaambia wewe ingia, wewe toka. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya kutafsiri katika kampuni moja ya picha ya Wazungu. Miaka mitatu aliandika maneno yote ya Kiswahili waliyosema wachezaji, na jina lake halikuonekana popote. Alipanga chumba Kinondoni, na usiku aliandika hadithi zake mwenyewe kwenye madaftari ya shule.

Demetria alikuwa fundi cherehani, naye ni mtu wa Bukoba. Alikuwa amepanga kwa Bi Khairiya, mjane wa Kiarabu mwenye duka la vyakula pale Temeke. Revelian alikwenda kushonesha suruali, akarudi kushonesha shati, akarudi tena bila kitambaa.

"Leo unashona nini, Bwana Revelian?" Bi Khairiya alimwuliza siku hiyo.

"Leo nimepita tu."

"Basi kaa upite vizuri."

Wakapendana. Na siku moja ya masika, mvua imewafungia barazani, Demetria akamwambia jambo ambalo hakupata kumwambia mtu. Kwamba aliozwa ana miaka kumi na sita kwa mtu mzima mwenye wake wengine. Kwamba alizaa mtoto, akaitwa Apolinari. Mtoto alipofika miezi saba akashikwa na homa. Demetria akampeleka zahanati mara mbili, na mara zote mbili mganga akamwambia arudi na mumewe. Mume akakataa kwenda. Ndipo akatoroka, akapanda meli ya kwenda Mwanza ili ampeleke mtoto hospitali kubwa. Mtoto akafa mgongoni katikati ya ziwa. Demetria akaogopa kwamba mabaharia watamtupa majini, basi akambeba vile vile mpaka asubuhi, na kila aliyeuliza akamwambia amelala.

Nyumbani aliandika barua kwamba mtoto alifia hospitalini, mikononi mwa masista. Mama yake aliamini hivyo, akarudisha mahari, na ndoa ile ya kimila ikaisha.

"Usimwambie mtu," alimwambia Revelian.

"Sitamwambia mtu," Revelian akajibu, naye wakati ule alisema kweli. Baadaye kampuni ikamruhusu kutunga na kuongoza picha yake ya kwanza.

Asubuhi baada ya picha ilikuwa Jumapili. Revelian aliingia kanisani amevaa koti. Alikuwa amekwenda nyumbani jana yake akijua mchumba wake ameugua ghafla, kwa maana ndivyo alivyoambiwa na Bi Khairiya mlangoni. Leo ilikuwa siku ya tangazo la tatu na la mwisho la ndoa yao. Padri akasoma majina ya wachumba wa kwanza, akasoma ya wachumba wa pili, akafunga kitabu.

Ibada ilipokwisha Revelian akamkimbilia sakristia, chumba cha padri cha kuvalia.

"Padri, umetusahau!"

"Sikuwasahau. Demetria alikuja hapa kabla ya misa ya kwanza. Ameomba nisilisome."

"Kwa nini?"

"Alisema wewe unajua."

Alipanda baiskeli, akafika Temeke jasho linamtiririka. Demetria alikuwa chumbani anafunga mzigo. Cherehani ilikwisha funikwa.

"Demetria, nisikilize."

"Nimekusikiliza jana. Na watu mia tano walikusikiliza."

"Hakuna anayejua kwamba ni wewe! Nimebadili kila kitu. Jina si lako. Meli nimeifanya treni."

"Umebadili meli. Maneno yangu je? Jinsi nilivyoinamisha kichwa ili wasimwone uso? Yule dada uliyemchezesha, nani alimfundisha kuinama vile?"

Revelian akatazama cherehani iliyofunikwa.

"Nijibu."

"Mie."

"Na mimi ulinipa kitambaa nikamshonee. Nilikaa pale barazani siku tatu, nakufikiria wewe, nafurahi kwamba mume wangu mtarajiwa anafanya picha yake ya kwanza. Nilikuwa najishonea kilio changu mwenyewe, wewe unanitazama!"

"Nilitaka watu wakuonee uchungu. Hadithi ile ilinikaa kifuani, Demetria, sikupata usingizi. Nilisema nikiiandika watu watalia."

"Walicheka."

"Ile sauti si yangu. Bwana Pembroke, mkubwa wangu wa kazi, ndiye aliyesema picha lazima iwe na funzo."

"Maneno aliyaandika nani?"

Revelian akageukia dirisha.

"Revelian, Mzungu yule hajui Kiswahili cha kusema vile. Nani aliyaandika?"

"Niliyaandika mie. Alisema bila funzo picha haitoki."

Demetria akakaa juu ya kitanda. Sauti yake ilishuka, na hilo ndilo lililomtisha Revelian kuliko kelele.

"Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba nilikuwa nampeleka mwanangu hospitali. Mtu mmoja. Huyo huyo ndiye aliyekaa na kalamu akaandika kwamba sikumpeleka."

Revelian akapiga hatua moja kumwendea.

"Nenda," Demetria akasema. "Nenda na picha yako."

Siku ile ile alihamia Chanika kwa kaka yake Polikarpo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya huko. Bi Khairiya alimsindikiza kwenye lori, akarudi dukani analia, akamwambia Revelian aliyekuwa bado amekaa barazani, "Inuka uende kwako, baba. Hapa hakuna wa kupita kumwona."

Wiki mbili Revelian aliandika barua saba. Ya saba ndiyo iliyojibiwa, kwa mstari mmoja:

"Nimepata barua zako. Unaandika vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu. D."

Siku aliyoipata barua hiyo, aliitwa na Bwana Pembroke ofisini. Bwana yule alikuwa amechangamka.

"Revelian, habari njema! Picha imependwa. Itazunguka nchi nzima: Morogoro, Tabora, Mwanza, Bukoba. Na wakubwa wa kampuni wanataka wewe uende Ulaya mwaka mmoja, ujifunze kazi vizuri. Hakuna Mwafrika wa hapa aliyepata nafasi hii."

"Asante, bwana. Lakini nina ombi. Naomba tuondoe ile sauti."

"Sauti gani?"

"Inayosema mama ni mjinga. Si kweli. Habari ile ninaijua. Mama yule alikuwa anampeleka mtoto hospitali."

"Kwenye hadithi yako hukuandika hivyo."

"Niliandika mwanzo. Ulisema nikate, picha ni ndefu."

Bwana Pembroke akawasha kiko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mambo yakikwisha yamekwisha.

"Sikiliza. Ukiondoa sauti, kinabaki nini? Mwanamke na maiti ya mtoto. Picha zetu zinafundisha. Mkanda umekwisha, siwezi kuufungua tena. Ijumaa ya wiki ijayo gari linakwenda Chanika. Nenda nalo, ukatazame watu wanavyoipokea, uniletee ripoti. Kisha tutazungumza habari za safari."

Revelian hakungoja Ijumaa. Jumamosi alipanda baiskeli asubuhi na mapema, akapita Kipawa, akaendelea na barabara ya mchanga, pengine akisukuma zaidi kuliko kupanda, mpaka akafika Chanika jua limesimama utosini. Polikarpo alimkuta mlangoni. Zamani alikuwa akimwita shemeji.

"Habari za safari, Bwana Revelian."

"Nzuri. Naomba kumwona Demetria."

"Hataki kukuona. Hajaniambia ulichomfanyia, na mie sijamlazimisha. Ila dada yangu hali chakula. Kama ni mwanamke mwingine, sema, tujue."

"Si mwanamke mwingine."

"Basi ni nini kibaya kuliko hicho?"

"Nilimsema uongo mbele ya watu," Revelian akajibu.

Demetria alikuwa nyuma ya mlango. Akatoka. Alikuwa amekonda, kanga ameifunga kifuani kama mtu anayesikia baridi.

"Kaka, tuache kidogo." Polikarpo alipokwisha ondoka, akauliza, "Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Ijumaa gari la sinema linakuja hapa Chanika. Siwezi kulizuia. Lakini mimi ndiye nitakayekaa na mashine. Naweza kuizima ile sauti, nikashika kipaza sauti nikasema mwenyewe. Sitasema lako hata neno. Nitasema langu, nililolifanya mimi. Ukikataa, sisemi, na picha itapita kama ilivyo. Sitaki tena kufanya kitu juu yako bila kukuuliza."

"Watakufukuza kazi."

"Najua."

"Bi Khairiya ameniletea habari. Anasema unapelekwa Ulaya."

"Nalo hilo najua."

Demetria akakaza fundo la kanga. Alikuwa anamjua mtu huyu. Alijua kwamba hakuna kitu alichokitaka duniani kama kusimama nyuma ya ile mashine na kusema wewe ingia, wewe toka.

"Sema," akamwambia. "Lakini jina langu lisitoke mdomoni mwako."

"Halitatoka."

"Na usije nyumbani baada ya hapo kudai chochote."

"Sitakuja."

Ijumaa, saa moja jioni, kiwanja cha shule kilijaa. Watu walikuwa wametoka mashambani, wengine na majembe. Demetria alikaa na kina mama wengine, mbali kidogo na taa ya gari. Picha ikaanza. Walicheka pale pa kuchekesha, wakanyamaza mtoto alipoanza kuugua. Treni ikaingia. Mwanamke akakaa, mtoto mgongoni.

"Amelala. Msimwamshe."

Hapo sauti ikakatika. Picha ikaendelea kutembea kimya, mashine inalia peke yake. Watu wakaanza kuguna. Kisha wakamsikia mtu akikohoa kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu, sauti haikuharibika. Nimeizima mimi. Naitwa Revelian, ndiye niliyeitunga picha hii na kuiongoza. Hapa mngesikia mtu akiwaambia kwamba mama huyu ni mjinga, na kwamba hakumpeleka mtoto hospitali. Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Ni uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nayaandika. Niliogopa picha yangu isitoke."

Dereva wa gari akamvuta shati. "Bwana, unafanya nini? Niandike nini kwenye ripoti yangu ya gari?"

"Andika ninavyosema." Akarudi kwenye kipaza sauti. "Kuna mtu aliyeniamini, nikamchukulia habari yake bila kumwomba, kisha nikaichafua. Namwomba radhi. Basi."

Mama mmoja akapaza sauti kutoka kwenye mikeka:

"Sasa kweli yenyewe ni ipi?"

"Sina ruhusa ya kuisema, mama."

Kwenye shuka yule mwanamke alikuwa bado anatikisika na treni, anapapasa miguu ya mtoto. Ndipo ikasikika sauti nyingine, ya chini, bila kipaza sauti, kutoka gizani.

"Alikuwa anampeleka hospitali."

Vichwa vikageuka.

"Nani? Umesemaje?"

"Mama huyo. Alirudishwa zahanati mara mbili. Safari hiyo yote mnayoiona, alikuwa anampeleka mtoto hospitali. Mtoto alifia njiani."

Hapana aliyecheka. Bibi mmoja mbele akashika kichwa, akasema, "Maskini mwanangu, maskini," na wenzake wakaanza kulia kwa sauti ndogo, kama wanavyolia wanawake msibani kabla maiti haijatolewa. Mwanamke aliyekuwa karibu na Demetria hakumwuliza kitu. Alimwekea tu mkono mgongoni, pale mtoto anapokaa, akauacha hapo mpaka picha ikaisha.

Revelian hakwenda kwa Polikarpo. Alipanda gari akarudi mjini kama alivyoahidi.

Barua ya kampuni ilikuwa fupi: "Kwa sababu ya tendo lako la Chanika, kazi yako imekwisha tangu leo. Habari ya safari ya Ulaya isizungumzwe tena." Bwana Pembroke alimpa mkono kwenye ngazi, akasema, "Ungekuwa mwongozaji mzuri sana." Picha ile haikuonyeshwa tena, Bukoba wala kwingineko. Bwana yule alikuwa ameamua kwamba picha ambayo watu wameilia namna ile haifundishi kitu.

Revelian akarudi kwenye ualimu, shule ndogo ya Kipawa. Hakuandika. Madaftari aliyafungia sandukuni. Mwezi ukapita, na wa pili. Jumamosi moja Polikarpo akatokea mlangoni kwake, amevua kofia.

"Habari za hapa, shemeji."

Revelian alilisikia hilo neno, akamvutia kiti.

"Dada kanituma. Anasema kama una nafasi, uje Chanika. Na uje na daftari."

Alimkuta Demetria amekaa kwenye kigoda, ametoa na kigoda cha pili.

"Sijakusamehe yote," akaanza. "Kuna siku nakusamehe asubuhi, jioni nakuta bado."

"Nimekusikia."

"Lakini kuna kitu sikukuambia ile siku ya mvua. Nataka kiandikwe, na mie siwezi kuandika kama wewe. Utaandika ninavyosema. Nikisema futa, utafuta."

"Nitafuta."

"Kwenye meli palikuwa na bibi mmoja wa Kikerewe. Alijua. Alimgusa mtoto unyayo, akajua. Hakusema kitu. Akahamisha mzigo wake akaja kukaa ubavuni pangu, watu wasinisogelee. Usiku mzima. Asubuhi akanishika mkono tukashuka, akanionyesha kwa mapadri pa kuzika. Sikumwuliza jina. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Akasoma. "'Bibi mwenye moyo wa huruma alikuja...'"

"Futa hiyo. Mie sikusema moyo wa huruma. Nimesema alihamisha mzigo wake."

Akafuta. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na nyingine. Masika yakapita, daftari likajaa. Siku moja alipokuwa anaaga, Demetria akasema, bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa anashona:

"Ukipita kanisani, mwambie Padri asome upya. Tangu tangazo la kwanza."

"Demetria..."

"Nenda kabla sijabadili mawazo. Jua linakuchwa."

Simu ya posta ilipelekwa Bukoba: "NAOLEWA MWEZI UJAO MAMA NJOO DEMETRIA." Bi Kokuberwa, mama yake, akafika kwa meli na kwa treni, safari ya siku nne, akapokelewa kwa Bi Khairiya Temeke. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, saa tisa alasiri, walikuwa watatu chumbani: mama, binti, na mkwe aliyekuja kuamkia.

"Mama," Demetria akasema, "nataka kukuambia habari za Apolinari."

"Alifia Mwanza, hospitalini. Uliniandikia."

"Nilikuandikia uongo, mama."

Bi Kokuberwa akaweka kikombe chini. Revelian akainuka.

"Unaweza kukaa," Demetria akamwambia. "Wewe unayajua."

"Hapana. Hayo ni yenu."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Bi Khairiya alikuwa anapima sukari dukani.

"Wanasema nini mle ndani?"

"Sijui, Bi Khairiya."

"Wewe? Mtunga hadithi, usijue?"

"Sijui."

Akakaa kwenye gunia la mchele, mgongo kaupa mlango. Mara moja alisikia sauti ya mtu mzima ikilia. Alitaka kutega sikio, ni mazoea ya mtu wa kazi ile. Badala yake akainuka akaanza kumpangia Bi Khairiya makopo, kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Adhana ya alasiri ikapita. Wateja wakaja wakaondoka.

Mlango ulipofunguliwa alitoka Bi Kokuberwa, macho mekundu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Akamtazama yule kijana aliyesimama na kopo mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nichotee maji ninawe uso."

Revelian akaenda mbio uani.

Walifunga ndoa kesho yake, saa nne asubuhi. Miaka iliyofuata Revelian alianzisha kikundi cha michezo ya kuigiza Kinondoni, akatunga na kuongoza mingi, na kila mchezo mke wake aliusikia kwanza kabla ya mtu yeyote. Lakini yaliyosemwa mle chumbani hakuyauliza, wala Demetria hakumwambia.